Nimefanya kazi na trekta linalojiendesha misimu mitatu: usukani ndiyo ilikuwa kazi ndogo kuliko zote

Dereva wa Zamani (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku mbili tatu humu mtu anatupia video ya trekta linalima lenyewe, na chini yake yanazuka makundi mawili. Kuna wanaosema wenzetu wameshatuacha mbali, na kuna wanaosema madereva wa trekta wajiandae kuuza karanga stendi. Nimesoma mpaka nimechoka. Mimi niliendesha trekta la kukodisha Kiteto miaka sita. Leo niko Nebraska, Marekani, kwenye shamba la mahindi na soya, na hiyo kazi mnayoibishania ndiyo inayonilisha.

Siku ya kwanza mwenye shamba alinipandisha kwenye trekta, tukasogea mpaka pembeni mwa shamba, akagusa kioo cha kompyuta ya trekta mara moja, akaniambia ondoa mikono. Nikaondoa mmoja. Akacheka, akasema na huo mwingine. Usukani ukaanza kucheza wenyewe, kidogo kushoto, kidogo kulia, kama kuna jini amenikalia mapajani. Nilipogeuka nyuma nikaona mstari ambao kwa miaka yangu yote ya Kiteto sijawahi kuuchora, na kule nilikuwa nasifiwa kwa mistari.

Sasa sikilizeni. Hicho kinachowashangaza kwenye video, trekta kwenda lenyewe moja kwa moja, ni kitu cha zamani. Kampuni ya matrekta ya John Deere walianza kuuza mfumo wao wa kushika usukani, AutoTrac, mwaka 2002. Vijana wa huku hawakumbuki kulima bila mfumo wa namna hiyo. Na muda wote huo dereva bado yumo ndani ya kebini, anapiga miayo, mshahara unaingia. Miaka zaidi ya 20 tangu usukani uchukuliwe, mtu bado hajashuka. Kwa nini?

Niwaambie niliyoyaona. Mwezi wa kumi na moja, baada ya mavuno, tuliletewa trekta lisilo na mtu kabisa, tulijaribu. Linavuta jembe la meno la kuvunja ardhi. Mimi nilikuwa shamba la ng'ambo ya barabara na simu mfukoni, kazi yangu ni kuliangalia kwa mbali. Saa nane usiku simu ikaita. Trekta limesimama, limetuma picha, linauliza: hiki ni nini, nipite? Nikaangalia picha. Kichaka kikavu, kile kinachong'oka na kubingirishwa na upepo. Nikabonyeza pita. Likapita.

Asubuhi nakwenda kukagua, nakuta mabua ya mahindi yamejikusanya kwenye jino la tatu, lundo limefika kiunoni, limeburutwa kiasi cha mita 400. Udongo pale umesuguliwa tu, haujalimwa. Na ule mburuzo ulikuwa umenyooka! Ungeweza kuweka uzi wa fundi mwashi.

Dereva yeyote wa Kiteto angelisikia lile lundo kabla halijafika magotini. Trekta likivuta uchafu linabadilisha mlio, injini inagumia, kiti kinatetema vingine, unageuka nyuma hata kabla hujajua kwa nini umegeuka. Kamera za lile trekta zilikuwa zinatafuta mtu, ng'ombe, nguzo. Lundo la mabua kwenye jino la tatu halikuwa kwenye orodha yake ya matatizo.

Hiyo ndiyo hoja yangu na nitaisimamia: kushika usukani ilikuwa sehemu nyepesi ya kazi yetu. Kazi yenyewe ilikuwa masikio, makalio na shingo ya kugeukia nyuma.

Karibuni. Maswali nitajibu nikipata nafasi, huku ni saa za kazi.

Tandiboi

Nimeweka mkeka hapa. Endelea mkuu.

Kipanga

Mtoa mada, kwanza kuna kitu sielewi. Simu yangu ikiniambia nilipo, inaniweka ndani ya choo cha jirani. Sasa hilo trekta linapataje kwenda kwa mstari ulionyooka kwa GPS hiyo hiyo? Mnatudanganya.

Dereva wa Zamani

Kipanga, swali zuri, na simu yako haina kosa. GPS ya kawaida inakosea mita tatu, mita tano. Na hiyo ni nafuu. Mpaka mwezi wa tano mwaka 2000 jeshi la Marekani lilikuwa linayachafua mawimbi yake makusudi kwa raia, kosa linafika hata mita 100. Rais Clinton ndiye aliyeagiza waache.

Dawa yake ni hii. Chukulia una gunia ambalo unajua kabisa lina kilo 100. Unalipeleka kwenye mzani wa mnunuzi, mzani unasema 94. Wewe hubishani naye, unawapigia wenzako walioko kwenye foleni: huu mzani unaiba sita, kila mtu aongeze sita. Basi huku tuna kipokezi kimefungwa juu ya ghala la nafaka, hakitembei, mahali kilipo panajulikana kwa usahihi. Kila sekunde setilaiti zinakiambia uko sehemu fulani, chenyewe kinajua zinakosea kiasi gani na upande gani, kinalitumia trekta masahihisho kwa redio au kwa mtandao wa simu. Trekta likiwa ndani ya kilomita kumi hivi, mzani wake na wa ghala unaiba sawasawa. Linabaki na kosa la sentimita 2 au 3. Wanaita RTK.

Halafu lenyewe halijui kunyoosha kama tunavyodhani. Unaliweka mwanzo wa shamba, unabonyeza A. Unaendesha mwenyewe mpaka mwisho, unabonyeza B. Basi. Mistari mingine yote ni nakala ya huo, imesogezwa upana wa jembe lako. A na B zako zikiwa za ovyo, shamba zima la ovyo.

Na kuna kitu hakimo kwenye video. Antena iko juu ya paa, mita tatu kutoka chini. Trekta likiinama kwa mteremko wa nyuzi tano tu, antena imeshahama sentimita 26 wakati magurudumu hayajasogea. Kwa hiyo ndani kuna kifaa kingine cha kupima kuinama, kinatoa hizo 26. Kikiharibika hicho, kwenye tambarare huoni kitu, ukifika kwenye mwinuko mistari inaanza kulewa.

Kipanga

Mfano wa mzani nimeuelewa, nimeibiwa sana na hizo mizani. Lakini bado nasema matrekta yasiyo na mtu ni ya maonyesho. Kila mwaka kampuni inaleta moja linang'aa, watu wanapiga picha, limekwisha.

Dereva wa Zamani

Hapo uko karibu na ukweli kuliko unavyodhani. Mwaka 1940 kuna Mmarekani anaitwa Frank Andrew aliweka pipa katikati ya shamba, akafunga waya kutoka kwenye pipa hadi kwenye mkono wa usukani. Trekta linazunguka, waya unajiviringisha kwenye pipa, duara linapungua mpaka linafika katikati. Hakuna dereva, hakuna setilaiti. Mwaka 2016 kampuni ya Case IH wakaonyesha trekta lisilo na kebini kabisa, jekundu, zuri kama gari la mashindano. Nendeni mkalitafute shambani.

Lakini mwaka 2022 mambo yalibadilika kidogo. John Deere walileta trekta la 8R lenye jozi sita za kamera zinazotazama pande zote, na kebini wakaiacha mahali pake. Januari 2025 wakaja na seti ya pili, kamera 16, zinafungwa kwenye matrekta makubwa. Angalieni kazi gani walianza nayo: kutifua ardhi baada ya mavuno. Sio kupanda. Ukikosea kutifua unarudia kesho. Ukikosea kupanda unajua baada ya siku kumi, pale ambapo mahindi ya jirani yameota na yako hayajaota, na msimu ndio huo umekwenda. Ndiyo maana kwenye kupanda bado wanataka mtu ndani ya kebini.

Haro Diski

Mimi ni dereva, Kilosa huku. Mkuu umenigusa hapo kwenye makalio, umesema kweli tupu. Mimi naweza kujua beringi ya haro inakufa kwa kunusa.

Lakini niulize: nyinyi mnakaa tu mnaangalia? Usingizi?

Dereva wa Zamani

Usingizi ndio adui mkubwa ndugu yangu. Kuna kitufe kwenye kiti, ukinyanyuka usukani unajiachia. Na baada ya muda mfumo unadai uguse kitu kuonyesha uko hai. Kwenye kugeuza mwisho wa shamba, matrekta mengi bado unageuza mwenyewe, mapya yanageuza yenyewe na kunyanyua jembe.

Narok Ngano

Habari zenu kutoka Narok, Kenya. Mimi nafanya kandarasi ya kupulizia dawa kwenye ngano, na nimefunga huu mfumo kwenye trekta la mwaka 1998. Si lazima ununue trekta jipya. Wachina wanauza seti: antena mbili, kioo, na usukani wenye mota ndani; unaondoa ule wa zamani, unafunga huo. Siku mbili kazi imekwisha.

Faida yangu nimeiona kwenye dawa, si kwenye mistari ya kupendeza. Mabawa yangu ya kupulizia ni mita 12. Zamani dereva akiogopa kuacha pengo, anapishanisha mita moja na nusu kila mzunguko. Hesabu ni rahisi: kila mita 12 unazolipia dawa, unapata shamba la mita kumi na nusu. Robo ya nusu ya dawa inakwenda mahali ambapo imeshapita, na ngano pale inageuka njano. Sasa napishanisha sentimita kumi.

Ila kuna jambo moja linanitesa, na muuzaji hakuniambia. Napenda kupulizia usiku, upepo umelala. Mwezi wa tatu, jua likishazama tu, kama saa moja na nusu hivi, kioo kinaanza kuruka. Kinashika, kinaachia, kinashika. Saa sita usiku kinatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimebadilisha antena, nimebadilisha waya, nimebadilisha mpaka laini ya simu. Ni nini?

Dereva wa Zamani

Narok, rudisha pesa zako za antena. Tatizo liko kichwani mwako, namaanisha juu ya kichwa chako, kilomita mia kadhaa juu. Nyinyi mko karibu na ikweta. Mchana jua linachaji lile tabaka la juu kabisa la hewa, na likizama, tabaka hilo juu ya ikweta linavurugika, linatoa mapovu kama uji unaochemka. Mawimbi ya setilaiti yakipita kwenye hayo mapovu yanatetemeka, kipokezi kinapoteza hesabu. Yanakuja baada ya magharibi, yanakwisha karibu na usiku wa manane, na yanakuwa makali zaidi miezi ambayo usiku na mchana vinalingana, yaani Machi na Septemba. Jua lenyewe lina mzunguko wa miaka 11 hivi, na 2024 na 2025 lilikuwa kwenye kilele. Umenunua mashine mwaka mbaya.

Cha kufanya: hakikisha kipokezi chako kinasoma setilaiti za makundi yote, za Marekani, Urusi, Ulaya na China, ili chache zikivurugwa zibaki nyingine. Na miezi hiyo pulizia kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri. Hiyo mitambo kwa sehemu kubwa imezaliwa na kujaribiwa mbali na ikweta, huko jioni ni jioni tu.

Narok Ngano

Miaka miwili! Miaka miwili nagombana na fundi!

Fundi Bodi

Narok usimlaumu fundi 😂

Wakuu, kwa sisi wa kuchomelea bodi. Kuna mkulima wa Alberta, Kanada, Brian Tischler, alitengeneza programu inaitwa AgOpenGPS na kuiweka bure. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows. Unahitaji kipokezi cha setilaiti aina ya F9P, bodi ndogo ya kompyuta inayoitwa Teensy, mota ya kuzungusha usukani, na kipimo cha pembe ya gurudumu la mbele. Bei yake yote inaingia kwenye kona ya bei ya mfumo wa kampuni. Nimeshajenga mmoja, nimeujaribu kwenye toyo kabla ya trekta, majirani walidhani nimerogwa.

Na msidharau vifaa vya bei ndogo. Uingereza, chuo cha Harper Adams, mwaka 2017 walilima hekta moja ya shayiri kuanzia kupanda mpaka kuvuna bila mtu kukanyaga shambani. Trekta dogo la Iseki, kombaini kuukuu, na ubongo wake ulikuwa programu ya ndege zisizo na rubani, ile ile ya bure. Walivuna tani 4.5. Wataalamu wao wa mazao walikuwa wanakagua kwa picha na sampuli zilizookotwa na mashine.

Dereva wa Zamani

Fundi, mimi nakuunga mkono ila naomba kitu kimoja: kile kitufe cha kiti usikiruke. Ukijenga mwenyewe hakuna atakayekulazimisha kukiweka. Trekta lenye mota kwenye usukani na mtu ameshuka kukojoa, injini inaunguruma, gia imo. Simalizii.

Mzee wa Mlali

Wanangu, hamjambo. Mimi ni wa Mlali, Kongwa. Haya ya matrekta ya ajabu sisi tulianza zamani.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa kwetu kulima karanga, na Nachingwea, na Urambo. Mpango wao ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta mashine za kila aina, nyingine zilikuwa mabaki ya vita. Vifaru vya Sherman vilivunjwa vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Marehemu baba yangu alikuwa kijana, akafundishwa udereva wiki chache, akapewa mnyama huyo. Alikuwa anasema mlio wake ulikuwa unasikika mpaka kijiji cha pili.

Wakakuta mizizi ya nyika yetu haing'oki kama walivyodhani. Wakakuta udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, unakauka kama tofali la kuchoma, na mchanga wake unakula chuma cha jembe. Karanga zilizoota haziwezi kung'oka. Mvua nazo zikagoma. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pesa iliyokwenda ni zaidi ya pauni milioni 30, za wakati ule. Baba alibaki na leseni na kovu la mkono.

Sikatazi mitambo. Nauliza swali moja tu ambalo baba alikuwa anauliza: ikiharibika, anatengeneza nani?

Dereva wa Zamani

Shikamoo mzee wangu. Swali hilo huku limefika mpaka mahakamani.

Trekta la sasa hata ukiwa na spana zote za dunia, kuna mahali unafika linakudai kompyuta ya kampuni. Unabadilisha sensa, sensa ni mpya, inaingia vizuri, lakini trekta linaikataa mpaka programu iitambue. Wakulima wa hapa walipiga kelele miaka. Jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023 kwamba mwenye mashine ya kilimo apewe vifaa na programu za kuitengeneza. Januari 2025 tume ya serikali inayosimamia biashara ikaishtaki Deere kwa jambo hilo hilo, kesi ambayo kampuni ilipinga.

Kuna na kisa cha Ukraine mwaka 2022. Mashine zilichukuliwa kwa wakala mmoja mjini Melitopol, zikapakiwa mpaka Chechnya. Zilipofika haziwaki. Zilifungwa kwa mbali. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia, halafu usiku nikakaa nikafikiria: kumbe kuna mtu ana ufunguo wa pili wa kila trekta.

Tandiboi

Mzee wa Mlali heshima yako. Hiyo ya "anatengeneza nani" naiandika kwenye bodi ya lori.

Kipanga

Mtoa mada, na setilaiti zikizima?

Dereva wa Zamani

Zimeshazima. Aprili 2023 setilaiti moja ya kampuni ya Inmarsat iliyokuwa inapeleka masahihisho upande wa Australia na New Zealand iliharibika, katikati ya msimu wa kupanda. Matrekta yalisimama, watu wanaangaliana.

Kwangu ilikuwa Ijumaa tarehe 10 Mei 2024. Tunapanda mahindi kwa planta, yaani mashine ya kupandia, ya mistari 16, sentimita 76 kati ya mstari na mstari. Kama saa kumi na moja jioni kioo kikaanza kuandika masahihisho hayapo. Yamerudi. Hayapo. Nikadhani waya. Halafu mstari kwenye kioo ukahama futi nzima pembeni mbele ya macho yangu, na trekta likageuza usukani kuufuata, taratibu, kwa adabu, kana kwamba ni kawaida. Nikalikamata.

Ilikuwa dhoruba ya jua, kubwa kuliko zote tangu 2003. Usiku anga likawa zambarau na kijani, watoto wa jirani wametolewa nje na mablanketi kutazama. Sisi tuna mbegu ndani ya planta na mvua inatabiriwa Jumapili.

Zamani planta zilikuwa na mkono pembeni, diski ndogo inachora alama ya safari ijayo. Ya kwetu ilishafunguliwa miaka mingi, iko nyuma ya ghala, nyasi zimeota katikati yake. Nani anaihitaji? Basi akaitwa baba wa mwenye shamba, ana miaka 71. Akapanda, akazima kioo kwa sababu mwanga wake ulimsumbua. Akanituma nitembee mbele na tochi mpaka mwisho wa shamba, nisimame pale. Akaja kwangu. Kisha akanisogeza hatua kadhaa, akarudi. Tulifanya hivyo mpaka karibu saa sita. Mimi, mtu wa kazi za kisasa Marekani, nimegeuka mti wa mpaka.

Mwezi wa sita mahindi yalipofika magotini tulikwenda kuangalia. Pale mashine ilipohama pana kona kama kiwiko, mistari miwili imekaribiana mpaka kombaini isingeweza kuingiza mdomo. Ya mzee ilikuwa imepinda, ndiyo. Lakini ilipinda yote kwa pamoja, nafasi haikupotea.

Haro Diski

Naomba mzee huyo apewe maua yake.

Mama Tunu

Wadogo zangu na kaka zangu, mimi ni mkulima wa alizeti, Singida. Nimesoma uzi wote. Hayo ya kamera 16 si yangu, shamba langu trekta hilo likigeuka limeshatoka nje. Mimi shida yangu ni nyingine kabisa.

Kila mwaka dereva anakuja, analipima kwa hatua, sabini kwa sabini ndiyo heka, anasema heka nne, nalipa nne. Mimi nililinunua likiwa heka tatu na kidogo. Shamba halikui. Nikisema, anasema mama panda wewe upime. Nina magoti mabovu.

Hiyo GPS haiwezi kunipimia?

Haro Diski

Mama, madereva si wezi wote. Sisi nasi tunabanwa, mwenye trekta amefunga kifuatiliaji, anajua dizeli, anajua nilisimama wapi na dakika ngapi.

Mama Tunu

Sijasema wezi mwanangu. Nimesema shamba halikui.

Dereva wa Zamani

Dada Mama Tunu, inawezekana, na huhitaji trekta wala kipokezi cha maelfu. Simu yenye GPS na programu ya kupima eneo, zipo za bure nyingi. Mpe mtoto simu azunguke mpaka wa shamba, asikatishe kona, na afanye kwa mara moja bila kusimama kupiga soga. Nilisema simu inakosea mita tatu mpaka tano. Lakini ndani ya dakika kumi hukosea upande ule ule, ni kama shamba zima limesogezwa pembeni bila kubadilika ukubwa. Kwa eneo la heka tatu utapata jibu la karibu sana. Azunguke mara tatu, chukua wastani.

Heka ni mita za mraba 4,047. Programu ikikupa mita, gawa kwa hiyo.

Na hili Haro Diski asinikasirikie: kule kwetu, kwenye kukodisha, GPS imeingia kwa kazi hii kabla ya kushika usukani wowote. Kampuni kama Hello Tractor zimeanzia hapo, kifaa kwenye trekta kinachosema limelima wapi na kiasi gani. Kinambana dereva, sawa. Siku moja kimlinde na mwenye shamba.

Narudi kazini, mtanikuta jioni.

Narok Ngano

Nimejaribu saa nane usiku. Imeshika, haijaachia hata mara moja hadi alfajiri. Sasa ni mimi ninayeachia, usingizi umenizidi.

Mama Tunu

Nimerudi. Mjukuu amezunguka mara tatu. Mara ya kwanza 3.1, ya pili 3.2, ya tatu 3.1.

Nimempigia dereva. Anasema simu yangu mbovu, yeye amepiga hatua sabini zake kihalali, na Mungu anamwona.

Dereva wa Zamani

Subiri kwanza, anaweza kuwa anasema kweli. Ili sabini kwa sabini iwe heka, hatua moja inatakiwa kuwa karibu sentimita 91. Akipiga hatua ya sentimita 80, upande unakuwa mita 56, na "heka" yake inakuwa mita za mraba 3,136. Shamba lako la 3.1 ukiligawa kwa heka hiyo unapata nne kamili, bila kuiba hata hatua moja.

Dada, huyo dereva ni mfupi?

Mama Tunu

Ananifika begani.